Barua Iliyotaja Namba 214

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika kumi. Jemutai alikuwa ameiangalia mara sita tangu Wesonga apande ngazi, na kila mara ilikuwa kama imemsogelea.

Saa tisa na nusu baba yake angefika. Kila Alhamisi Mzee Kipkorir aliendesha pikapu yake kutoka Moiben mpaka Eldoret mjini kununua chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe, kisha akapanda ngazi hizo hizo kumchukua binti yake waende nyumbani hadi Jumatatu. Mzee hakuwahi kuchelewa popote. Kule Moiben wanaapa kwamba siku moja alifika kwenye matanga kabla mgonjwa hajakata roho. Akavua kofia, akaketi, akangoja.

"Leta hiyo karatasi," Jemutai alisema. "Na usiniangalie hivyo."

"Nikuangalie vipi?"

"Angalia kompyuta."

Wesonga akaangalia kompyuta, lakini macho yake yalikuwa kama ndama aliyefungwa kwa kamba ndefu. Yalizunguka kidogo, yakarudi palepale yalipokatazwa.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu: kompyuta nne, printa mbili, mashine ya kutoa kopi, na mwenye duka, Ciru, aliyekaa kando ya dirisha akikata bahasha na kusikiliza yasiyomhusu. Watu walipanda kuja kuskani vitambulisho na kupiga chapa fomu za shule, lakini wengi walimfuata Jemutai. Barua zake za kuomba kazi zilikuwa na jina. Inasemekana kuna mtu wa mtaa wa Pioneer aliyefariki wiki moja baada ya kutuma barua aliyoandikiwa na Jemutai, na bado akaitwa kwenye intavyu. Familia ilipoeleza kwamba ameshazikwa, kampuni ikauliza kama anaweza kuja wiki inayofuata.

Leo mikono iliyomfufua marehemu ilikuwa imekosea hata tarehe mara mbili.

Akaikunjua karatasi ya Wesonga, akasoma kwa sauti ndogo. "'Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mcha Mungu, ninayeweza kufanya kazi chini ya presha.' Presha gani?"

"Yoyote."

"Wesonga, hii ni barua ya kazi ama ni ya kuomba ubatizo?"

"Hiyo sentensi nimeipiga chapa mara elfu mbili," Ciru akasema bila kuinua macho. "Kama kila aliyeiandika angekuwa mcha Mungu, Eldoret nzima ingekuwa imeshanyakuliwa. Tungebaki mimi na askari wa kanjo."

Wesonga alicheka, lakini kicheko chake kilikufa mapema. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kuinua mitungi, na vidole vyake vilinuka maziwa na sabuni ya kipande hata siku ya mapumziko. Miaka miwili alikuwa mpimaji wa maziwa kwa mkataba, kwenye kituo kimoja cha Ushirika wa Maziwa wa Chepseta. Mwisho wa mwezi huu mkataba ulikuwa unaisha. Ofisi ilikuwa imemwambia kwa maneno matatu kwamba hautaongezwa, na kaka yake tayari alikuwa amemshikia nafasi kwenye ghala la mizigo Kampala.

Lakini Ushirika huo huo ulikuwa umetangaza kazi ya kudumu, ya msimamizi wa maabara. Barua zifike ofisini Ijumaa kabla ya saa sita. Kesho.

"Na ukienda Kampala?" Jemutai aliuliza, akijifanya anafungua ukurasa mpya.

"Nitarudi."

"Watu wangapi wameniambia hivyo hapa, nikiwaandikia barua za kwenda Qatar."

"Hao hawakuwa wakikuambia wewe. Walikuwa wakiiambia kompyuta." Akashusha sauti. "Jemu, mimi naogopa. Siogopi Kampala. Naogopa kwamba nikienda, baba yako atapata alichokuwa anangoja."

Hilo hata Jemutai hakuweza kulikataa. Aprili alikuwa amejikaza akamwambia baba yake kwamba kuna mtu. Mzee alikuwa akinoa panga, na hakuacha kunoa. Ana kazi ya kuandikwa? Ana ya mkataba, Baba. Watu wake ni wa wapi? Upande wa Busia. Panga likaendelea kulia kwenye jiwe. Kisha akasema, "Siku akiandikwa kazi ya kudumu, siku hiyo nitauliza anaitwa nani." Mpaka leo hakuwa ameuliza.

Na huyo mzee ndiye mwenyekiti wa bodi ya Chepseta. Barua zote zilipita mbele ya miwani yake kwanza.

"Sikiliza," Jemutai akasema, akivuta kiti. "Barua si ya kueleza wewe ni mtu mzuri. Kila mtu ni mzuri kwenye karatasi. Barua ina kazi moja tu, wakuite. Wanaosoma ni nani?"

"Bodi. Wajumbe saba."

"Na watano ni wakulima. Tangazo limesema Kiingereza ama Kiswahili. Wewe umeandika Kiingereza cha kumwogopesha wakili. Tutaandika Kiswahili, ukurasa mmoja, nusu ikiwezekana. Mkulima akisoma barua amesimama zizini, amalize kabla ng'ombe hajapiga teke. Sasa niambie kitu kimoja ulichofanya, ambacho kama hungekuwepo kisingefanyika. Kimoja tu."

Wesonga akafikiri. Akajikuna kidevu. Nje, chini, mtu wa boda boda alikuwa akibishana na mteja kuhusu gunia.

"Kuna ile ya Februari."

"Sema ya Februari."

"Wakati wa ukame. Kituo cha jirani jenereta iliharibika, maziwa yao yakaletwa kwetu. Sasa katikati ya hayo, kuna mitungi miwili. Asubuhi ya kwanza natia kile kipimo, laktomita, inazama kama jiwe. Maji. Natia spiriti, maziwa yanashikana vidonge vidonge. Si maji ya mfereji, ni ya mto, machafu. Nikimwaga hiyo kwenye tangi, jioni tangi lote limechacha. Lita elfu tatu. Nikairudisha."

"Halafu?"

"Kesho yake ikaja tena. Nikairudisha. Siku ya tatu dereva aliyeajiriwa kuileta akanishika shati. Akaniambia, unajua haya ni ya nani wewe? Nikamwambia sijui, na usiniambie. Sisi wa mkataba hatuna kitabu cha majina, tuna namba tu kwenye mtungi. Akasema utajuta. Wiki hiyo vituo viwili maziwa yao yalimwagwa kiwandani. Yetu yakapita yote."

Vidole vya Jemutai vilikuwa vikikimbia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hofu ilikuwa imemwachia nafasi ya kupumua. "Hiyo ndiyo barua," alisema. "Hiyo yenyewe. Hukuwahi kuniambia."

"Mambo ya maziwa ya watu hayasemwi ovyo."

"Leo yanasemwa. Namba ilikuwa ngapi? Bila namba ni hadithi tu."

"Mia mbili kumi na nne."

Vidole vikasimama.

"Naikumbuka kwa sababu ya ile nne," Wesonga akaendelea, akichora hewani. "Rangi nyekundu, na nne yenyewe imechorwa kama kiti kilichopinduliwa miguu juu. Nikasema huyu aliyepaka, sijui alifundishwa kuandika na nani."

Alifundishwa na mwalimu wa darasa la pili pale Moiben, ambaye alimchapa kwa sababu ya nne hiyo na hakufaulu kuibadilisha. Kila Disemba, tangu akiwa na miaka tisa, Jemutai aliketi nyuma ya nyumba na kopo la rangi nyekundu na brashi ya kunyoea ya baba yake, akapaka upya namba kwenye mitungi ya nyumbani. Mia mbili kumi na nne. 

Alikumbuka simu ya mama yake, Februari ile. Maziwa yamerudishwa na mpimaji mlevi, mama alisema. Baba yako hali chakula. Na yeye, Jemutai, usiku huo alikuwa amepiga magoti akamwomba Mungu amnyooshe huyo mpimaji mlevi, popote alipo. Kesho yake alikuwa amekwenda kunywa chai na Wesonga.

"Hujaweka namba," Wesonga akasema. Alikuwa amesogea, anasoma kioo. "Umeandika 'memba mmoja.'"

"Memba mmoja inatosha."

"Dakika mbili zilizopita ulisema bila namba ni hadithi."

"Nimebadilisha mawazo."

"Kwa nini?"

"Kwani lazima kila kitu nikieleze? Wewe umekuja kuandikiwa ama umekuja kuandika?"

Ciru akaacha kukata bahasha. Katika duka lile watu walikuwa wamelia, wamezimia, na mmoja alikuwa amejifungulia karibu na mashine ya kopi, lakini hakuna aliyewahi kumsikia Jemutai akipandisha sauti.

Wesonga akarudi nyuma kwenye kiti. Uso wake ulikuwa umefungwa. "Sawa. Kumbe hata wewe. Nilikuwa nafikiri unaniandikia barua ya kunipa kazi. Kumbe unaandika ya kunifanya nisiudhi mtu."

"Wesonga."

"Mimi niliudhi mtu Februari, Jemu. Ndicho kitu kimoja nilichowahi kufanya. Ukikitoa, nabaki na presha yoyote."

"Ni baba yangu."

"Nini?"

"Mia mbili kumi na nne ni baba yangu. Hiyo nne ni mimi niliyeipaka."

Printa ikakohoa peke yake, ikanyamaza. Saa ilisema saa tisa kasoro dakika tano.

Mikono ya Wesonga, ile ya kuinua mitungi, ikalala juu ya magoti kama haina mwenyewe. Alikuwa amemkosea mzee mara tatu mfululizo bila kumjua, na sasa alikuwa anaomba vitu viwili kutoka kwa mtu huyo huyo, na kila kimoja kilikuwa kikubwa kuliko yeye.

"Toa," alisema mwishowe.

"Nitoe namba ama nitoe yote?"

"Toa yote. Andika mcha Mungu."

"Watapata barua mia moja za wacha Mungu. Hutaitwa."

"Afadhali nisiitwe."

"Halafu uende Kampala."

Wesonga akainuka, akaenda dirishani, akarudi kitini. Jemutai aliona jasho kwenye shingo yake, ilhali siku yenyewe ilikuwa ya baridi, ya mvua inayokaribia. Alitaka kuweka kiganja chake pale. Alitaka pia kukimbia ngazi zote mbili mbili mpaka barabarani, asimame hapo, amzuie baba yake asipande. Mambo mawili hayo yalimvuta hata akabaki amekaa.

"Ngoja," Wesonga akasema, polepole, kama anayehesabu. "Kama leo nikiitoa kwa sababu ni baba yako, basi Februari ningeipokea kwa sababu ni mwenyekiti. Si ni kitu kimoja?"

"Usiniulize mimi."

"Nakuuliza wewe. Mimi nikikosa, nimekosa kazi. Wewe utakuwa kwenye meza moja naye leo, na kesho, na Jumapili. Ukisema toa, natoa, na sitakulaumu hata nikiwa Kampala. Sema wewe."

Hakuna kitu kibaya kama kupewa uamuzi na mtu unayempenda. Ni afadhali angepiga meza. Jemutai akayatazama maneno kwenye kioo, yale mawili, memba mmoja, yaliyokaa pale kama watu waliofunika nyuso. Akamfikiria mama yake akisema mpimaji mlevi. Akamfikiria baba yake asiyekula. Halafu akawaza jambo lililomwogopesha kuliko yote. Akitoa namba hii leo, atakuwa anaitoa maisha yake yote. Kila Krismasi, kila ubatizo wa mtoto, namba hiyo itakuwa imekaa kati ya wanaume hawa wawili, na ni yeye peke yake atakayeiona.

Akafuta "mmoja." Akaandika namba. Akamalizia mistari miwili ya mwisho bila kupumua, akabonyeza, na printa ikaanza kuvuta karatasi.

Mlango ukafunguka.

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Mzee Kipkorir alisimama kizingitini na kofia yake ya sufu, koti la mvua mkononi, mrefu hata akalazimika kuinamisha kichwa kidogo. Duka la dawa za kupe halikuwa na foleni siku hiyo. Kwa mambo madogo kama hayo watu huharibikiwa.

"Ciru, hujambo."

"Sijambo Mzee. Karibu. Leo umewahi kuliko kawaida."

"Jemutai. Umemaliza?"

"Bado kidogo, Baba."

Mzee akasogea karibu na printa, mahali anaposimama kila Alhamisi kwa sababu pana joto. Karatasi ilikuwa imetoka, imelala kwenye sinia, uso juu. Hakuna aliyeinyanyua. Jemutai aliona macho ya baba yake yakitua kwenye mstari wa kwanza, ambao ulikuwa umemtaja: Kwa Bodi ya Ushirika wa Maziwa wa Chepseta. Mzee akaweka koti chini. Akavaa miwani. Kitu kilichoandikiwa bodi alikiona kuwa chake.

Alisoma kama alivyosoma Biblia, midomo ikitembea. Ciru alisimulia baadaye kwamba saa ya ukutani ilisimama kabisa, na mpaka leo ukimbishia anakuonyesha betri.

Barua ilisema hivi:

"Mwezi wa Februari, nikiwa mpimaji katika kituo chenu, nilirudisha mitungi miwili ya memba namba 214 kwa siku tatu, kwa sababu maziwa yalikuwa yametiwa maji ya mto. Niliambiwa nitajuta. Wiki hiyo tangi la kila siku, lita elfu tatu za wakulima mia moja na ishirini, lilipokelewa kiwandani, halikurudishwa hata tone. Ninaomba mniite niwaeleze nitakavyofanya hivyo kwa vituo vyote vinane."

Midomo ya Mzee ilisimama kwenye mstari mmoja. Ikarudi nyuma. Ikaupita tena.

"Hii ni ya nani?"

Jemutai akainuka, akasogea karibu na kiti cha Wesonga.

"Ni yangu, Mzee." Wesonga alisimama haraka hata kiti kikaanguka nyuma yake.

Mzee akamtazama kuanzia viatu. Alichukua muda. "Wewe ndiye mpimaji."

"Ni mimi."

"Kwenye mtungi uliandika kwa chaki, 'Maji ya mto, usilete tena.' Nikafikiri ni mzee fulani mwenye madharau."

"Nina miaka ishirini na nane, Mzee."

"Unajua mia mbili kumi na nne ni nani?"

"Najua. Nimejua leo, hapa, hata saa moja haijaisha."

"Na umechapisha."

"Aliyechapisha ni mimi, Baba," Jemutai akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Yeye alisema nitoe. Mimi nikakataa."

Mzee akageuka. Macho yake yalianza usoni kwa binti yake, yakashuka begani, yakafika kwenye mkono wake, na hapo Jemutai naye akaangalia na kuona kwamba mkono huo umeshika mkono wa shati la Wesonga. Hakujua uliushika saa ngapi. Hakuuachilia.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Mzee akakikalia kile kiti cha wateja, kile chenye mguu mbovu ambacho Ciru huwaonya watu. Hakuonywa. Karatasi ilikuwa bado mkononi, na Jemutai aliona, kwa hofu mpya asiyoijua, kwamba anaikunja kona yake bila kujua.

"Februari ng'ombe wangu watano walikauka," Mzee alisema, akiongea na sakafu. "Kwenye mkutano mkuu katibu anasoma lita za kila memba kwa sauti. Anaanza na mwenyekiti. Miaka kumi na moja ameanza na mimi, na watu wanapiga makofi. Nikafikiria siku hiyo akisoma lita nane, nikachota maji mtoni." Akavua miwani. "Si pesa. Ni masikio ya watu."

Jemutai hakuwahi kumsikia baba yake akieleza sababu ya kitu chochote, hata mvua.

"Na wewe. Mkataba wako. Walikuambia kwa nini?"

"Walisema ni msimu, Mzee."

"Msimu ni mimi. Nilisema yule mpimaji asiongezwe. Sikuuliza jina."

Mkono wa shati ukakakamaa ndani ya vidole vya Jemutai. Kwa sekunde chache aliogopa kweli, si kwa ajili ya Wesonga sasa, bali kwa ajili ya mzee aliyekaa kwenye kiti kibovu. Aliona shingo ya Wesonga ikivimba. Aliona maneno yakifika mdomoni na kumezwa, moja moja, kama vidonge.

Mzee akainuka. Akanyoosha mkono. "Leta bahasha. Kesho naenda huko huko ofisini, nitaipeleka."

"Hapana, Mzee."

"Umesema nini?"

"Nashukuru. Lakini hapana."

"Unaniogopa?"

"Sana, Mzee," Wesonga akasema, na kila mtu mle ndani alisikia kwamba hasemi uongo. "Ndiyo maana nitaipeleka mwenyewe kesho, nigongewe muhuri nikiona."

Mkasi ukamponyoka Ciru. Mzee Kipkorir akasimama vile vile, kichwa kikikaribia dari, na Jemutai akafunga macho, kwa sababu anajua kinachofuata mtu akimkatalia baba yake mara mbili. Alisikia karatasi ikiwekwa mezani. Alipofungua macho, Mzee alikuwa anainyoosha kona yake iliyokunjika, kwa kidole gumba, taratibu.

"Ofisi inafunguliwa saa mbili," alisema. "Jemutai, twende."

Kutoka Eldoret mpaka Moiben njia ni ndefu ya kutosha baba na binti kugombana, kupatana na kugombana tena. Siku hiyo waliimaliza kimya. Ijumaa Mzee alikwenda ofisini, akarudi, akanywa chai amesimama. Jumamosi hakutoka zizini. Jumapili kanisani aliimba nyimbo zote bila kitabu, macho kwenye ukuta, na mama akamnong'oneza Jemutai, "Umemfanya nini baba yako?" Jemutai akasema hajamfanya kitu. Kila alipojaribu kumsemesha, Mzee alikumbuka jembe aliloliacha mahali, akaondoka. Hofu ya kelele Jemutai alikuwa ameizoea tangu utoto. Hii ya kimya ilimkosesha hata hamu ya ugali.

Jumatatu hakuna simu. Jumanne Wesonga akaandika ujumbe wa maneno mawili, "Bado kimya." Jumanne hiyo hiyo alikwenda kuulizia nauli ya basi la Kampala.

Jumatano, saa nne asubuhi, simu ya Jemutai ikalia katikati ya barua ya mtu mwingine.

"Wameniita," Wesonga akasema. Alikuwa anahema kama amekimbia. "Intavyu. Ijumaa, saa tatu. Tuko wanne kati ya mia moja sitini na tatu."

Jemutai akainua uso, akakutana na macho ya Ciru, na kabla hajasema kitu Ciru alikuwa ameshaanza kujifuta machozi kwa bahasha.

"Na baba?"

"Karani ameniambia. Anasema Mzee aliingia kwenye kikao na barua yangu, akaisoma mwenyewe mbele ya bodi mpaka mwisho. Halafu akasema, mia mbili kumi na nne ni mimi, jadilini, na akatoka nje. Anasema hawakujua waangalie wapi. Hatakuwa kwenye intavyu, amekataa kukaa."

"Wesonga, si hiyo ni habari njema? Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Kuna kitu kingine." Akameza mate. "Alinipigia jana usiku. Mzee mwenyewe, kwa namba yake. Ameuliza naitwa nani, jina kamili, mpaka la babu. Nikamwambia. Akasema nije kwenu Jumapili mchana. Akasema nisije peke yangu, nije na mzee wa kwetu mmoja."

Jemutai akakaa.

"Rudia hapo."

"Nije na mzee wa kwetu. Jemu, ananipeleka kwa wazee wangu anishtaki. Kwa sababu ya yale maji. Kule kwetu kijana akimwaibisha mtu mzima ndivyo inavyofanywa, anaitiwa mzee wake, anasemwa mbele yake. Sijalala vizuri tangu jana. Nilikuwa nafikiria niseme nina homa."

Jemutai alifunika mdomo kwa kiganja. Sasa ndipo alipoelewa kwa nini mama yake alipiga simu alfajiri kuuliza kama shangazi wa Iten atakayekuja Jumapili anakula kuku. Kwao Moiben kijana mkosaji huitwa peke yake, na humpata mzee zizini akiwa hata hajaoga. Kijana anayeambiwa aje na mzee wake huitwa kwa jambo moja tu, na siku hiyo hutolewa vikombe vya wageni kutoka kabati la ndani.

"Mzee gani unataka kuja naye?" aliuliza, akijaribu sauti yake isitoe chochote.

"Mjomba Wepukhulu. Alikuwa karani wa mahakama. Anajua kujitetea."

"Mwache huyo mjomba. Huko hakuna kesi."

"Basi nije na nani?"

"Njoo na anayejua kuongea juu ya ng'ombe."

"Maziwa ama nyama?"

"Ng'ombe wazima, Wesonga. Wanaotembea. Wanaotoka boma moja wakaingia lingine."

Jemutai akasikia kiti kikivutwa, na mtu akiketi kwa uzito wake wote.

"Jemu," Wesonga akasema, taratibu kabisa. "Hili koti la intavyu ndilo nililo nalo. Likinyeshewa Ijumaa, litakauka kufikia Jumapili?"

"Kesho nitamwambia Baba anichukue Jumamosi. Ukitoka tu intavyu, lilete hapa," alisema. "Nitalipiga pasi mwenyewe."